Nabii Baada ya Mawe: Kisa cha Nabothi, kutoka Yezreeli hadi Nyamongo

Yezreeli, karne ya 9 kabla ya Kristo

Kisa cha shamba la Nabothi huhubiriwa kama ushindi wa Eliya. Nabii anamkabili mfalme ana kwa ana, mfalme ananywea, waumini wanaitikia amina. Ukikisoma polepole kuna jambo linalokukwama kooni: Eliya anafika shambani wakati mwenye shamba ameshauawa. Mungu mwenyewe ndiye aliyemtuma, na bado amekuta msiba umekwisha. Historia ninayotaka kuisimulia inaanzia hapo na inafika hadi Tarime na Serengeti, ambako wengi wamewahi kusimama mahali pa Nabothi na wachache wamejaribu kusimama mahali pa Eliya.

Ahabu si mfalme wa kubuni. Baba yake, Omri, alikuwa jemadari aliyeshika kiti katika wakati wa mapinduzi, akanunua kilima kwa mtu aitwaye Shemeri kwa talanta mbili za fedha na kujenga juu yake mji mkuu, Samaria. Yaani nasaba hii ilijua kununua ardhi tangu mwanzo. Ahabu alitawala kuanzia yapata 874 hadi 853 kabla ya Kristo. Jiwe la kumbukumbu la Shalmaneseri wa Tatu, mfalme wa Ashuru, lililopatikana Kurkh nchini Uturuki mwaka 1861, linamtaja Ahabu kati ya wafalme waliompiga vita huko Qarqar mwaka 853, akiwa na magari ya vita 2,000 na askari 10,000. Wataalamu wengi wanaona hesabu hiyo ya magari imetiwa chumvi. Hata ukiigawa kwa nusu, huyo ni mtu mkubwa. Biblia inasema alijenga nyumba ya pembe, na wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua Samaria vipande vingi vya pembe za ndovu zilizonakshiwa kwa ustadi.

Mkewe, Yezebeli, alikuwa binti wa Ethbaali, mfalme wa Wasidoni. Ndoa hiyo iliiunganisha milima ya Israeli na bandari za Foinike, na ikaleta hekalu la Baali mjini Samaria. Ukame, njaa, mashindano ya Mlima Karmeli na manabii 450 wa Baali vilifuata. Watoto wa shule ya Jumapili wanavijua kwa moyo, sitavirudia. Kwangu mimi Karmeli ni tamasha, na kesi yenyewe ni ya shamba.

Shamba la mizabibu la Nabothi lilipakana na jumba la mfalme mjini Yezreeli. Ahabu hakuanza kwa ubabe. Alitaka kuligeuza bustani ya mboga, akataja bei: shamba jingine bora kuliko hilo, au fedha. Leo tungemwita mnunuzi mwungwana. Nabothi alikataa katakata, kwa kuwa ardhi ile ilikuwa urithi wa baba zake. Kwa sheria ya Walawi, ardhi ya Israeli ni ya Mungu, na koo zinakaa juu yake kama wapangaji. Hata aliyeuza kwa shida hurudishiwa mwaka wa Yubile. Nabothi hakuwa na kitu cha kuuza, wala mfalme hakuwa na njia halali ya kununua.

Ahabu alilijua hilo, ndiyo maana alirudi nyumbani akalala. Mtu mwenye magari ya vita mengi hivyo amejitupa kitandani, amegeuza uso, amesusa chakula, kisa bustani ya mboga. Mkewe alikulia kwa baba ambaye neno lake ndilo sheria, na hakuielewa kabisa hali hiyo. Akamwambia mumewe ainuke ale, shamba atampatia yeye.

Namna alivyolipata ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa karibu. Yezebeli hakutuma jeshi. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akazipiga muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee na wakubwa wa mji wa Nabothi mwenyewe. Maagizo yalikuwa kamili: tangazeni mfungo, mketisheni Nabothi mbele ya watu, wekeni mashahidi wawili waseme amemtukana Mungu na mfalme. Mashahidi wawili, kwa sababu Torati inataka wawili. Mfungo, kwa sababu jambo lionekane la ibada. Wazee walifanya vilevile walivyoandikiwa. Simulizi haitaji askari hata mmoja. Waliomtoa Nabothi nje ya mji na kumpiga mawe hadi akafa walikuwa majirani zake, na barua waliyorudisha ilikuwa fupi: ameshakufa.

Ndipo Ahabu anashuka kulitwaa shamba, na ndipo Eliya anamkuta humo. Mfalme anamwita adui yake, nabii anamtamkia kwamba mbwa watalamba damu yake palepale walipolamba ya Nabothi. Ahabu anararua mavazi, anavaa gunia, na hukumu inasogezwa hadi siku za mwanawe. Yeye mwenyewe alikufa vitani Ramoth-Gileadi, kwa mshale uliopigwa bila kulengwa ukampata kwenye viungo vya deraya. Miaka kumi na kidogo baadaye Yehu alimuua Yoramu mwana wa Ahabu na kuamuru maiti yake itupwe katika shamba la Nabothi. Hapo, kwa kupitia tu, tunaambiwa jambo ambalo simulizi ya shamba ililinyamazia: hata wana wa Nabothi waliuawa. Biblia haisemi popote kwamba shamba lilirudishwa kwa mtu yeyote.

Nchi isiyo na mfalme, hadi 1890

Wakati Samaria imekwisha kuwa magofu kwa karne nyingi, nchi kati ya Ziwa Victoria na mbuga za Serengeti ilikaliwa na watu ambao kisa cha Ahabu kingewashangaza kwa sababu moja: hawakuwa na mfalme. Wakurya wa Tarime waliishi kwa koo zilizojiendesha zenyewe, Wairege, Wanyabasi, Watimbaru, Wakira, Wanchari, Wanyamongo na wengine. Mambo ya hadhara yaliamuliwa kwenye iritongo, mkutano wa wazi ambapo mwizi alitajwa na faini ikakatwa. Mambo mazito ya mila, na hasa lini vijana waingie jandoni, yalishikwa na inchama, baraza la wazee wachache lenye siri zake. Upande wa Serengeti, Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme nao waliishi chini ya wazee na marika, bila kiti cha enzi.

Watabiri walikuwapo. Walioota na kufasiri, walioombwa mvua, walioulizwa kabla vijana hawajaenda kuteka ng'ombe. Waikoma hadi leo wanatunza pembe za ndovu ziitwazo Machaba, na simulizi yao inasema walizipata kwa mtabiri wa Kitaturu. Samaria pembe zilipamba nyumba ya mfalme. Ikoma zilikuwa kinga ya watu wote, na mtu mmoja hakuweza kujitwalia. Mtabiri wa huku hakuwa na wa kumkabili ikulu, kwa kuwa ikulu haikuwapo. Heshima yake ilitegemea kama neno lake limetimia.

Nisieleweke kwamba nasifia pepo iliyopotea. Wazee wa Yezreeli wanatufundisha kwamba udhalimu hauhitaji mfalme karibu; wazee watiifu wanatosha. Nitalirudia hilo mwishoni.

Boma, sheria na ramani, 1890–1968

Mfalme aliletwa na maafa. Mwaka 1890 na 1891 tauni ya ng'ombe ilipita Afrika Mashariki ikafagia mifugo, ikaja njaa, ikaja ndui. Watu wa magharibi mwa Serengeti walitawanyika kwenda kwa ndugu na marafiki, vichaka vikaota kwenye mahame yao, mbung'o wakafuata vichaka. Wazungu walipofika wakaona nyika tupu na wanyama wengi, wakaandika kwamba hapa hapana mtu. Makosa ya karne nzima yaliyofuata kwa kiasi kikubwa yametoka kwenye macho yale yaliyoona mahame yakadhani ni mwitu.

Wajerumani walijenga boma Shirati na jingine Ikoma, wakaweka majumbe wa kukusanya kodi. Waingereza, chini ya Gavana Donald Cameron kuanzia 1925, walitaka kila kabila liwe na chifu hata kama halikuwahi kuwa naye. Wakurya wakapewa machifu. Wilaya ikaitwa North Mara, makao yake Tarime. Machifu hao walikuwa watu wa aina zote, wema na waovu, ila kiti chao kilitoka juu, na kilipofutwa na serikali huru mwaka 1963 hakuna vita vilivyopiganwa kukitetea.

Kilichobaki ni sheria ya ardhi. Mwaka 1923 serikali ya Tanganyika ilitunga sheria iliyoifanya ardhi yote kuwa ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Baada ya uhuru Gavana akaondoka, mamlaka yakahamia kwa Rais kama mdhamini wa wananchi, na ndivyo zinavyosema hata sheria mbili za ardhi za 1999. Nia ilikuwa njema: Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, humuhumu mkoani Mara, alichukia kuona ardhi ikiuzwa kama shati, kwa hoja iliyokaribiana sana na ya Walawi. Tofauti ni kwamba kwa Nabothi ardhi ilikuwa ya Mungu, hivyo mfalme alikuwa mpangaji kama wengine. Kwetu ni ya umma na mdhamini ni mtawala. Ahabu wa Tanganyika asingehitaji kulala na njaa.

Ramani zikaanza kuchorwa. Serengeti ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1951. Mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa nayo na Wamaasai wakahamishwa kutoka nyanda za Serengeti. Katika miaka ya 1960 kipande cha Lamai, kati ya Mto Mara na mpaka wa Kenya, kikaongezwa hifadhini, na Wakurya waliokuwa humo wakaondoka. Tangazo la Serikali namba 235 la 1968 liliweka mipaka ambayo vijiji vya Tarime vimebishana nayo hadi miaka hii ya karibuni, kigingi kwa kigingi.

Eliya naye alifika katika kipindi hichohicho. Wamennonite kutoka Marekani walianza kazi Shirati mwaka 1934, Wakatoliki na Waadventista nao wakawa na vituo vyao mkoani. Wengi walimjua Ahabu kupitia Kiswahili, hasa baada ya Biblia ya Union Version kutoka mwaka 1952. Agano Jipya la Kikurya lilichapishwa 1996, lakini Eliya na Nabothi wako katika lile la Kale. Kwa hiyo kwa muda mrefu kisa hiki kimesomwa Tarime kwa lugha ya serikali na ya shule, huku kikijadiliwa nyumbani kwa lugha ya mama. Uamsho uliozuka Shirati mwaka 1942 ukafundisha watu kusimama hadharani na kutaja dhambi kwa jina. Mara nyingi ilikuwa dhambi ya anayesema mwenyewe, mara chache sana ya mkubwa wake.

Ng'ambo ya ziwa, 1977–1979

Mtu akitafuta katika Afrika Mashariki nabii aliyemkabili mfalme mwovu kwa namna inayofanana na Biblia kabisa, atavuka ziwa. Tarehe 5 Februari 1977 askari wa Idi Amin waliipekua nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum jijini Kampala, wakidai wanatafuta silaha. Siku tano baadaye maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia Amin barua ya kulaani mauaji na watu kupotea. Tarehe 16 Februari Luwum alikamatwa na kuuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ikatangaza ajali ya gari. Tena ni Yezreeli: mauaji yamevishwa karatasi.

Luwum hakungoja mazishi ndipo aseme. Alisema, akawa yeye ndiye anayezikwa.

Amin aliangushwa kwa bunduki. Alivamia Kagera mwishoni mwa 1978, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, na katika jeshi la Tanzania lililoingia humo Wakurya walikuwa wengi kuliko idadi yao nchini. Waliporudi Tarime, baadhi ya silaha zilirudi nao. Wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mikuki na mishale ukawa wa bunduki za kivita, na koo zilizowahi kupatana kwenye iritongo zikaanza kuzika vijana kwa wingi. Katika hali hiyo Wakurya wakapokea sungusungu, walinzi wa vijiji, kwa kufufua iritongo na kuikabidhi ulinzi. Mfalme mwovu huanguka, na madhara yake husafiri hadi kwa walioshinda.

Nyamuma, 2001–2006

Mwaka 1994 mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yalitangazwa rasmi, magharibi mwa hifadhi, wilayani Serengeti. Vijiji kadhaa vikajikuta vimepakana na pori au, kwa mujibu wa maofisa, vimo ndani yake. Nyamuma kilikuwa kimojawapo. Wakazi walisema wamekaa pale kihalali; uongozi wa wilaya ulisema wamevamia. Oktoba 2001 wakapewa amri ya kuondoka, muda ukiwa mfupi mno, kisha nyumba na maghala yao yakachomwa moto.

Hapa nabii alivaa tai. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kiliwasilisha malalamiko kwa niaba ya wakazi 135 mbele ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, chombo kipya kabisa wakati huo. Tume ilisikiliza pande zote mbili, ikaamua mwaka 2004 kwamba haki zilivunjwa, ikapendekeza walipwe fidia na warudishwe kwenye ardhi yao. Serikali ikajibu kwamba haikubaliani na ushahidi. Kituo kikaenda Mahakama Kuu, kikashindwa, kikakata rufaa, na katika rufaa hiyo ya 2006 Mahakama ya Rufani ikasema kwamba mapendekezo ya Tume yanaweza kupelekwa mahakamani yakatekelezwe.

Wanasheria huitaja kesi ya Nyamuma kwa fahari, na wana haki, kwa sababu kabla yake mapendekezo ya Tume yalikuwa kama mahubiri: ukitaka unasikia, usipotaka unatoka nje. Lakini hesabu miaka. Moto 2001, hukumu ya Tume 2004, rufaa 2006. Mtoto aliyezaliwa usiku wa kuhama alikuwa anajiandaa kuanza shule.

Nyamongo, 2002–2019

Dhahabu ya Nyamongo, wilayani Tarime, ilichimbwa na wachimbaji wadogo kwa sururu na karai kabla kampuni haijafika. Mgodi mkubwa ulifunguliwa 2002 ukiwa wa Afrika Mashariki Gold Mines, mwaka uliofuata ukawa wa Placer Dome, 2006 ukaingia mikononi mwa Barrick, 2010 ukawa wa African Barrick Gold iliyoorodheshwa London, 2014 kampuni ikabadili jina kuwa Acacia, 2019 ikarudi Barrick, safari hii serikali ikiwa na hisa asilimia 16. Katika kubadilika kote huko jina la mgodi lilibaki North Mara, jina la wilaya ya mkoloni. Mwanakijiji wa Kewanja au Nyangoto aliyetaka kudai fidia alikuwa na kazi ya kwanza ya kujua leo anamdai nani.

Simfananishi mwekezaji na Ahabu. Ahabu alikuwa mtu mmoja, mwenye chumba cha kulala na dhamiri iliyomsumbua. Kampuni haina kitanda cha kujitupa. Wala wana Nyamongo wote si Nabothi. Kuna neno pale, tegesha: mtu anasikia tetesi kwamba eneo litachukuliwa, usiku kucha anainua nyumba za mabati na kupanda miti kwa kubananisha, halafu anangoja mthamini. Nabothi alikataa fedha, mtegeshaji anaikimbilia. Wengine wanamlaumu. Mimi naona alichokifanya ni kusoma sheria vizuri: kama ardhi si yangu bali ni maendelezo tu yanayolipwa, basi nitaongeza maendelezo.

Viongozi wa dini walifika mwaka 2008. Jumuiya ya Kikristo Tanzania, Baraza la Maaskofu Katoliki na BAKWATA kwa pamoja walitoa ripoti iliyoandikwa na Mark Curtis na Tundu Lissu, ikionyesha jinsi nchi ilivyokuwa ikipata kidogo kutokana na dhahabu yake na hali ya wanaoishi kandokando ya migodi, Tarime ikiwamo. Katika historia yetu ni nadra kuona maaskofu na masheikhe wakitia saini hati moja dhidi ya sera ya serikali. Ripoti ilikuja wakati Kamati ya Jaji Mark Bomani ikichunguza sekta hiyohiyo, na mwaka 2010 Bunge likapitisha sheria mpya ya madini. Mrabaha ukapanda. Kwa kipimo cha Eliya, hilo lilikuwa gunia la Ahabu: toba ya kweli kiasi fulani, na shamba halijarudi.

Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodini kuingia Mto Tigithe, ambako watu walichota maji na kunywesha mifugo. Mwezi uliofuata watafiti watatu wa Kitanzania, Manfred Bitala, Charles Kweyunga na Mkabwa Manoko, waliikabidhi Jumuiya ya Kikristo matokeo yao. Walichukua sampuli za udongo, tope na maji kuzunguka mgodi, wakakuta metali nzito kwa viwango vya kutisha. Kampuni ilikiri uvujaji na kupinga tafsiri ya vipimo. Napenda picha hii ya kanisa likipeleka chupa za sampuli maabara badala ya kupiga kelele mimbarini. Nabii wa sasa lazima awe na namba, vinginevyo ataambiwa ni mchochezi.

Tarehe 16 Mei 2011 polisi waliwapiga risasi na kuwaua watu watano mgodini. Serikali ilisema kundi kubwa lilivamia. Ndugu walisema vijana walifuata mawe ya masalia yanayobaki baada ya kuchenjuliwa, ambayo kwao ni mkate. Familia za baadhi ya waliouawa na kujeruhiwa katika matukio mbalimbali zilifungua kesi London mwaka 2013. Ikamalizwa nje ya mahakama 2015, kwa masharti yaliyofanywa siri. Mei 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira likautoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi. Ilikuwa miaka kumi kamili tangu Tigithe.

Desemba

Hadi hapa kila aliyekuja na neno alikuja baada ya mawe: Tume baada ya moto, maabara baada ya mto, London baada ya makaburi. Lakini katika wilaya hizihizi kuna wanaojaribu kufika kabla, na wanaomkabili si mfalme wala kampuni. Ni wazee.

Ukeketaji wa mtoto wa kike ni kosa la jinai Tanzania tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998. Katika koo nyingi za Wakurya msimu bado unatangazwa na inchama, kawaida Novemba na Desemba shule zinapofungwa. Baraza likisema mwaka huu, ni mwaka huu. Mzazi anayekataa hatumiwi askari. Anaachwa asemwe kisimani na sokoni, binti yake anaambiwa hataolewa, ndugu wanakuja usiku mmoja mmoja kumshauri. Aliyesoma barua ya Yezebeli anaujua utaratibu huu: jambo limevaa nguo ya ibada, mashahidi wapo, na watekelezaji ni majirani.

Kanisa Katoliki lina kituo Masanga, wilayani Tarime, kinachopokea wasichana wanaokimbia msimu. Mjini Mugumu nyumba salama ilifunguliwa 2014, ikiongozwa na Rhobi Samwelly chini ya Dayosisi ya Anglikana ya Mara. Yeye mwenyewe alikeketwa akiwa binti, nusura apoteze maisha, na amelisema hilo hadharani mara nyingi, katika nchi ambayo mwanamke kulitaja jambo hilo mbele ya wanaume ni ukaidi tosha. Wasichana hufika kwa miguu, kwa bodaboda, kwa gari la polisi wa dawati la jinsia. Wengine wametembea usiku kupita mashamba ya mahindi wakiwa na sare ya shule chini ya kanga.

Msimu ukiisha, kazi ngumu ndiyo inaanza. Wazazi huitwa, ofisa ustawi wa jamii na polisi wakiwapo, wakaombwa kusaini kwamba binti akirudi hataguswa. Baadhi husaini wakilia, kwa sababu nao walikuwa wakitafuta mtu wa kusema hapana kwa niaba yao. Wengine hukataa kabisa, na binti hubaki katika nyumba salama akiendelea na shule. Takwimu za kitaifa zinaonyesha wanawake waliokeketwa mkoani Mara walikuwa asilimia 32 katika utafiti wa 2015–16, na asilimia 28 katika ule wa 2022.

Ngariba hulipwa kwa kila msichana, na sehemu ya ada hiyo huenda kwa wazee waliotangaza msimu. Ndiyo maana wanaozungumza na inchama siku hizi hawaanzi na Biblia wala na sheria. Wanaanza kwa kuuliza nani anapata nini, na atapata wapi badala yake.